Kisigino ya Plamedie

Lundi, 11 novembre

Sasa hivi Plamedie anatoka kumwanga kopo ya maji mu mbabula yenye nilikuwa natoka kuwasha. Alijikokota na matako toka ku mukeka mpaka kule, kopo mu mukono, maji ingine inamwangika mu njia, na yenye ilibakia akaitupa yote ku makala. Makala ikasema shiii, moshi ikapanda, na yeye akapiga makofi, akaniangalia juu nicheke. Nilicheka. Mama mukwe, Mama Madeleine, akasema: "We unacheka? Bukari tutaipika na nini, na meno?" Lakini nilicheka juu tangu octobre mutoto hakuwa hata natoka ku mukeka.

Niandike muzuri. Plamedie iko karibu na miaka mbili. Mbele ya palu ya octobre, ile malaria, alikuwa natembea, alikuwa nakimbia mpaka kwa Gaëlle, jirani yetu mushonaji, kuiba mabaki ya kitambaa. Palu ikamushika, Stanislas akakuya. Stanislas njo infirmier ya dispensaire ya ku kona, muntu ya roho muzuri. Alikuya mu mvula, na miguu, akamupiga sindano ya kinine, zote ku tako ya kuume, juu upande ule mwingine mutoto alikuwa napiga teke. Joto ikaenda. Muguu ikabakia. Inamufuata nyuma sawa mufuko, na kisigino inapanda juu, haigusi tena chini.

Mama mukwe anasema ugonjwa ilishuka mu muguu, sasa inaomba sindano ingine ya kuifuata kule. Mi sijui. Ninamushukuru Stanislas, bila yeye tungemuzika mutoto. Lakini niko naangalia ule muguu.

Mardi, 12

Mvula. Hakuna courant. Tulikula lengalenga.

Jeudi, 14

Ninachoka, lakini niandike hii.

Kazi yangu iko ku labo, kule ku Univ. Ninaosha byombo bya kioo na ninachunga machula, byura bya kujaribia dawa. Gaëlle anasema mu Kamalondo nzima mi njo "Mama Machula", anauliza kama siku ya mushahara banatugawia mapaja. Asistanti Paulin, mukubwa yangu ya kazi, anatafuta kujua dawa ya sindano inafanya nini ku nyama ya mwili, pahali inaingia. Anaua chula (pale mi naangaliaka ku dirisha), anatosha nyama moja ya muguu pamoja na mushipa yake nyeupe sawa uzi, anaitundika mu kioo ya maji ya chumvi. Chula ilishakufa, iko mu ndoo. Lakini ile nyama haijue. Ukigusa mushipa na courant kidogo ya umeme, nyama inaruka. Inaruka, inaruka, sawa iko na safari.

Leo asubui aliniomba ampule mu friji. Nikasoma jina. Kinine.

Nikamupa. Akatia matone mu maji. Nyama ikaruka kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha ikaacha. Halafu ikaanza kujikunja yenyewe, polepole, bila kuguswa, ikakuwa fupi na ngumu sawa kitambaa yenye banakamua, na ikakatala kujikunjua.

"Asistanti, inakufa?"

"Inaumia," akasema. Alikuwa naangalia mashini, si mie. "Dawa ikikuwa mingi pahali pamoja, inaunguza nyama."

Nikaenda kuosha byombo. Niliosha hata byenye bilishaoshwa.

Lundi, 18

Leo niliona kintu ingine. Kisha kinine, Asistanti anamwanga maji yote, anatia maji mupya ya chumvi, anaosha nyama, anaosha tena. Ile ya asubui ilijikunjua. Polepole, sawa mukono ya mutoto yenye usingizi inamubeba. Ikaanza tena kuruka. Ile ya muchana haikurudi, juu ilikawia mu dawa.

Nikamuuliza: "Asistanti, hii maji safi yenye inabakia, tunamwanga?"

"Mwanga, Mama Plamedie. Kesho tunatengeneza ingine."

Sikumwanga.

Mercredi, 20

Ninapasha maji ya labo mu sufuria, ninatia muguu ya Plamedie ndani, ninaipapasa mpaka maji inapoa. Yeye anaona ni muchezo, anatafuta samaki mule ndani. Ninamuambia: jikunjua, mama yangu, jikunjua.

Samedi, 23

Maji. Muguu ni ile ile.

Mardi, 26

Mama mukwe alikuta chupa chini ya kitanda.

"Hii maji ya profete gani?"

"Haiko ya profete, Mama. Ni ya kazi."

"Kazi! Bantu ba Kasai bote muko na baprofete, na we unaniambia kazi. Mu hii nyumba tunabatizwa mara moja, na padri, inatosha."

"Mama, ni maji ya machula."

Nilikosa kusema vile. Alimwanga chupa yote mu rigole ya maji chafu, akanawa mikono na sabuni, akafanya alama ya musalaba. Kutoka pale akaenda nyuma ya nyumba na jembe. Bulongo ilikuwa laini juu ya mvula. Akachimba shimo, akasema kwabo ku nord, kaskazini, mutoto mwenye hatembei banamusimamisha mu bulongo mpaka ku kiuno, bulongo inamukaza. Akamutia Plamedie ndani, akafukia. Mi nililia. Plamedie alicheka, alikuwa napiga bulongo na mikono mbili sawa mama mwenye kufinyanga chungu.

Leo ninamuchukia mama mukwe. Ninaandika ginsi iko.

Jeudi, 28

Mvula ilijaza shimo. Asante Mungu.

Vendredi, 29

Alichimba ingine.

Siku ya Mungu, 8 décembre

Donat, bwana yangu, alifika toka Kinsevere. Anaendeshaka mashini ku mine, analalaka kule mpaka ekipe yao ipumuzike. Alilala kwanza, na viatu. Kisha akamubeba mutoto, akajaribu kumusimamisha. Muguu moja ilikanyaga, ingine ilisimama na vidole tu, sawa muntu mwenye kuchungulia juu ya ukuta. Akamurudisha chini.

"Sikia Mama," akaniambia. "Mi nani alinilea?"

"Mama anataka sindano ingine."

"Sindano ilimuokoa, Syntiche. Kuliko kaburi, afazali muguu."

Lakini jioni nilimukuta pembeni ya kitanda, mutoto analala, na yeye anashika miguu yake mbili, moja mu kila mukono, sawa muntu mwenye kuchagua mihogo ku soko. Aliponiona akaziachilia, akasema mvula ya mwaka hii ni mingi.

Jeudi, 12 décembre

Niko naleta ile maji tena, kwa kujificha. Leo Asistanti Paulin alinikuta na chupa.

"Mama Plamedie, hii inaenda wapi?"

Nikamuambia yote. Alianza kucheka, kisha akaona uso yangu, akaacha.

"Ngozi inakataza," akasema. "Kwa chula, mi ninatosha ngozi. Kwa mutoto maji inabakia inje. Unamunawisha tu."

"Basi nyama yake ilishakauka? Sawa ile yenye haikurudi?"

"Sijui. Mi ninajua nyama ya chula mu kioo, na hata ile siijui yote. Chula haiko mutoto. Mutoto iko na damu, inamuosha ndani siku na usiku. Usimukatie tumaini juu ya chula. Na usimutunge dawa juu ya chula. Umupeleke kwa bantu benye banajua miguu."

Akaniambia nitafute Madame Régine, kinési, mwenye kunyoosha viungo ku hopitali. Nilirudia na chupa bila kintu ndani. Tangu novembre niko naosha muguu ya mutoto sawa sahani. Ninachoka hata na kutumaini, na sijui kuacha.

Mardi, 17 décembre

Madame Régine iko na mikono kubwa na sauti ndogo. Alimulalisha Plamedie, akamugusa kila pahali, mutoto hakulia.

"Sindano iligusa mushipa ya kutembeza muguu," akasema. "Na pale iliingia, nyama iliungua, ikafanya kovu ndani. Muguu ya chini haina nguvu ya kushindana, kisigino inavutwa juu."

"Itarudi?"

"Mushipa inarudiaka, lakini polepole sana. Ya kwake itarudi? Nikikupa siku, ninakudanganya."

Akanionyesha: kusukuma mbele ya nyayo ipande, kushika pale, kuimba wimbo moja muzima, kuachilia. Asubui, muchana, jioni, na si kesho tu. Gaëlle atanishonea soksi ngumu ya jean na ubao ndani, ya kulala nayo. Kisha Madame akaniambia kintu ya nguvu: kinine ya tako, hapana tena. Palu ikirudi, damu ipimwe kwanza. Mutoto akiweza kumeza, bidonge. Akitapika yote, akilala bila kuamuka, akikazika mwili muzima, kukimbia kule kwabo, batamutia dawa mu mushipa ya damu.

Nikamuuliza juu ya shimo ya mama mukwe. Nilikuwa nangojea aikataze.

"Anacheka mule ndani?"

"Anacheka."

"Basi anasimama wima, na nyayo inasikia chini. Musimukawishe, musimuache na baridi. Nkambo yake, mama mukwe yako, haiko mujinga."

Nilirudia ku nyumba, nikaeleza yote kwa mama mukwe. Kipande ya mwisho nilisahau makusudi.

Mercredi, 25 décembre

Noeli. Kuku. Donat alibakia ku kazi. Mvula kutwa nzima. Kisigino ni vile vile.

Jeudi, 9 janvier

Ninasukuma nyayo, ninaimba. Ninaenda kazi, ninaimba mu kichwa. Plamedie alishachoka na wimbo, leo aliniziba kinywa na mukono.

Siku ya Mungu, 19 janvier

Joto ilianza kisha misa. Plamedie alikatala kula, akalala ku bega ya Mama mukwe, na Mama akasema: "Huyu iko makala." Mvula ilikuwa napiga mabati mpaka hatusikilizane. Mama hakuniuliza. Alifunika kichwa na sachet ya plastiki, akatoka. Akarudia na Stanislas, suruali imekunjwa mpaka ku magoti.

"Leta tako," akasema Stanislas, sawa siku yote, na akafungua mufuko.

Mi nikamukamata mutoto, nikamufunga ku mugongo na kitenge, nguvu, sawa muntu mwenye kwenda soko.

"Syntiche, unafanya nini?" akauliza Mama.

"Sindano hapana."

"Mutoto iko naungua!"

"Ninasikia, Mama. Iko ku mugongo yangu."

Stanislas akatua sindano ku meza. "Mama Plamedie. Huyu mutoto akikufa leo, batasema nini mu kartié? Batasema Stanislas alifika, akaangalia tu."

"Umupime damu kwanza."

Kinywa yangu njo ilikuwa nasema. Nikageuka, Stanislas apate mukono ya mutoto. Stanislas akamutobola kidole, damu ku kile kipimo, tukangojea. Mistari mbili. Palu.

Mama akamuita Donat ku simu, akaniwekea ku sikio.

"Syntiche, sikia Mama."

"Donat, ungekuwa hapa, ungemushika miguu juu bamupige sindano?"

Mashini ilikuwa nalia nyuma yake. "Mi siko hapo," akasema. Simu ikakatika, sijui ni yeye ao ni mvula.

Stanislas alikuwa na bidonge chini kabisa ya mufuko. Nikamufungua mutoto ku mugongo, nikaponda na maji na sukari, Plamedie akameza. Hata hatukupumua, akatapika yote ku kifua yangu.

Mama alipiga kelele sawa ku kilio. "Unaona! Dawa ya kunywa haishike! Unamuua mutoto ya mwana yangu juu ya machula!"

Na mi pia niliwaza vile: juu ya machula. Nyama mu kioo haina joto, haina nkambo, hakuna mwenye ataililia. Huyu iko naungua mu mikono yangu. Niandike kweli: nilishageuka, nilishamunyooshea Stanislas mutoto.

Stanislas hakumupokea. Alikuwa naangalia ule muguu ndogo, inaninginia.

"Ngoja," akasema. "Alitapika mara ile ile, basi haikuingia. Tunarudilia. Akitapika tena, tunaenda hopitali, mi na we, na miguu kama taxi inakosa."

Mama akamuambia: "Na we pia? Tangu lini munganga anaogopa sindano yake?"

"Mama Madeleine, unajua juu ya nini ninatembeaka nayo? Nikibapa bamama bidonge, banasema nilibaibia, banaenda kwa mwingine mwenye anatobola." Akanigeukia. "Mu octobre, ningekupa bidonge, ungekubali?"

Ningekatala. Ningesema huyu ni infirmier gani.

Tukampa tena, kijiko kwa kijiko, kati ya kijiko na kijiko tunangojea. Mama njo alishika kopo, rozari ku mukono ingine. Halafu Plamedie akafungua macho makubwa, akakunja shingo, na shiye batatu tukainama pamoja na beseni. Ikatoka upepo tu. Upepo kubwa, ya mwanaume mwenye kukunywa pombe. Stanislas akacheka. Mama akacheka, kisha ule kucheka ikageuka kilio, akaenda kuangalia mvula ku mulango.

Jioni jasho ikatoka, nguo yake ikalowa yote. Niko naandika na mukono moja. Ingine iko ku kipaji ya uso yake.

Lundi, 20

Anakunywa. Bidonge inashika.

Mardi, 21

Aliomba bukari. Aliitupa chini, lakini aliiomba.

Jeudi, 30 janvier

Ku labo leo nyama mbili hazikurudi. Nikamuuliza Asistanti zile anazifanya nini. "Ninatupa," akasema, na hakuwaza kintu, ni kazi. Mi nikatoka inje kidogo kuona machula.

Niliporudia ku nyumba mapema, Mama mukwe alikuwa ku mukeka, miguu yake imenyooshwa, Plamedie kati. Alikuwa nasukuma nyayo, alikuwa naimba wimbo ya kwabo, murefu, nyayo iko juu wakati yote. Wimbo yangu ni fupi. Yake ni bora. Nilisimama ku mulango, akaniona.

"Usiwaze ni juu ya machula yako," akasema.

"Hapana, Mama."

"Mi pia niko na mikono."

"Ndiyo, Mama." Kisha nikamuambia ile nilisahau makusudi: Madame Régine alisema shimo yake si mubaya, alisema nkambo haiko mujinga. Mama hakugeuza kichwa. Aliendelea kuimba, lakini aliimba kwa nguvu zaidi, mpaka Gaëlle akapiga kelele juu ya ukuta: "Mama Madeleine, misa iko saa ngapi?"

Samedi, 15 février

Mvula inapunguka. Donat alikuya na kurudia. Mbele ya kwenda alijifunza kusukuma nyayo. Alisukuma sawa anaendesha mashini, Mama akamupiga mukono.

Leo Madame Régine alipima. Kati ya kisigino na chini sasa inapita kidole yangu ndogo. Mu décembre ilikuwa napita ngumi. Nikamuuliza kama ile ya kubakia itaisha mwaka hii. Akasema: "Itaisha ao haitaisha. Musukume tu." Sikukasirika. Mi ninachoka sawa muntu mwenye iko nachota maji: mikono inauma, lakini ndoo haiko bure. Ninamuona akikuwa mukubwa, anaenda masomo, hata kama anachechemea anafika. Ninasema atafika. Ninaandika juu nisikie ginsi inasikika.

Stanislas iko ku mulango ya inje, ya lupango. Iko na mama moja mwenye simujui, mutoto ku mugongo, kichwa ya mutoto inalala upande, ni joto. Ule mama iko nasema kwa nguvu, bidonge hapana, hakutembea njia yote ile kwa bidonge, anataka sindano. Stanislas ananiita: "Mama Plamedie! Kuya kwanza. Na ulete mutoto, huyu mama aone."

Aone muguu. Mi sikupendaka bantu baone ule muguu, ninamuvalishaka suruali hata na jua. Sasa Stanislas anataka niifungue ku njia, sawa muzigo ya soko.

Lakini ule mutoto ya joto, miguu yake inaninginia ku kitenge, zote mbili nene, zote mbili zinacheza kidogo. Mama mukwe alishamubeba Plamedie, alishamutosha suruali, ananingojea. Stanislas anaita tena. Naenda, nitamuambia ule mama kama hii muguu, sindano njo ilifanya.